Uzi wa Wodi ya Mwisho

3 Januari

Chiriku, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Ukiikuta barua hii, basi umekumbuka nilivyokunong'oneza mlangoni: "Kichwa kikiuma, fumua mto." Pamba nimeijaza mwenyewe. Anayeandika ni Mama Pasi, yule yule aliyepiga pasi meza ya pili kutoka kwangu miaka ishirini na sita. Mdomo wake una kizibo. Mimi shule niliipita kwa nje nikienda kuteka maji, unajua, sirudii.

Mumeo sijamchukia. Hilo liandikwe kwanza. Fundi Rangi ana viganja laini kwa mtu anayepulizia magari rangi kutwa, na akisalimia anainama hadi unamwonea huruma mgongo. Lakini siku ya kukuchukua nilimsikia akijibu maswali uliyoulizwa wewe. Shangazi yako alikuuliza kama umekula. Akajibu yeye: "Ameshiba." Wewe ulikuwa hujatia kitu mdomoni tangu alfajiri. Mama Pasi anasema hayo ndiyo mapenzi. Mama Pasi mwenyewe alikaa kwenye ndoa wiki mbili. (Anaguna. Andika, mama, andika.)

Sasa sikiliza. Kule dobi la hospitali, tulikofua mashuka ya wagonjwa, ulikulia chini ya meza yangu, ukilala kwenye toroli la mashuka makavu. Kona za mashuka unazikumbuka. Uzi mweupe ni shuka la kawaida, litie majini na wenzake. Uzi mwekundu ni la wodi ya mwisho, ile ya kutengwa wenye maradhi ya kuambukiza, usilishike kwa mkono mtupu hata likikuchekea kwa usafi. Na mara nyingi la wodi ya mwisho ndilo lililokuwa jeupe kuliko yote.

Kila barua utakayoniandikia, shona kona ya chini mshono mmoja. Ukiwa mweupe, nitajua maneno yako ni maneno. Ukiwa mwekundu, nitajua karatasi ni safi kwa macho tu, na nitakuja hata kwa kutambaa. Simu siitaki kwa jambo hili. Simu ina masikio pande zote mbili.

Ichome hii. Mto ushone tena, vizuri, usiniaibishe.

Bibi yako
(kwa mkono wa Mama Pasi)


16 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Mama Pasi. Mimi mzima. Kichwa kiliniuma siku ya pili tu, nikafanya ulivyoniambia.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na mlango mmoja. Nimepata kazi chumba cha kushonea sare za shule, mimi ni wa kola. Tuko wanawake tisa na redio moja, na redio ndiyo inayonyamaza. Wameshanipa jina. Unadhani ni jina gani? Chiriku! Sikuwaambia, wamelivumbua wenyewe.

Simu yangu imekufa. Iliangukia ndoo ya rangi, ikatoka nyekundu kama nyanya, haijasema tena. Mume wangu anasema tutanunua nyingine. Kwa sasa andika kwa sanduku la posta la gereji yao.

Ndoo yenyewe ilikuwa ya mlango. Ameupaka mwekundu, Bibi! Anasema nyekundu ndiyo rangi ya kwanza ambayo Mungu alimpa mtu, imo ndani yake kabla hajavaa nguo. Mlango mwekundu unawaambia wapita njia kwamba humu kuna mapenzi. Mimi naona unawaambia humu kuna mtu aliyebakiza rangi ya gari. Nilimwambia hivyo. Hakucheka.

Chiriku wako


11 Machi

Kwa mjukuu mpendwa, nuru ya mboni zangu,

Hayo ya nuru ya mboni ni ya Karani, si yangu. Mama Pasi amekwenda kumwuguza dada yake, hajulikani atarudi lini, kwa hiyo nimeangukia kwa huyu mzee wa chumba cha jirani aliyekuwa karani wa mahakama. Anaandika kama anamhukumu mtu. Nikisema "hujambo" anaandika mstari mzima.

Barua yako niliipata, ikasomwa mara mbili. Kona nimeipapasa, nikalala usingizi.

Mtu akikufanyia jambo jema cheka naye kidogo hata kama mlango unachekesha. Wanaume wana vitu vyao. Babu yako aliwahi kuipa baiskeli jina.

Kola zishone mara mbili. Watoto hutafuna kola.

Bibi
(kwa mkono wa Karani, mstaafu)


2 Aprili

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama kama inavyotuacha sisi.

Mume wangu amepaka vioo vya madirisha. Jua likiingia, chumba chote kinakuwa chekundu, mikono yangu, unga, maji kwenye glasi. Anasema nyekundu ni ulinzi. Jicho la hasidi likitazama ndani linajiona lenyewe. Ni kweli hatuonekani tena kutoka nje.

Kazi ya sare nimeacha. Sare zilikuwa za bluu, na mume wangu anasema bluu inapoza damu ya mke. Nakaa nyumbani, napumzika. Ananipenda sana. Kila jioni ananiuliza nimeongea na nani, anapenda kujua habari zangu.

Bibi, najua husomi. Lakini naomba barua zangu uzitazame wewe mwenyewe, kwa macho yako, kabla ya kumpa Karani. Zitazame toka juu hadi chini. Nitafurahi nikijua macho yako yamezigusa. Miwani yako bado ipo?

Mjukuu wako


20 Aprili

Ewe tunda la uzao wangu,

(Karani huyo. Nimemwambia aache, anasema barua bila kichwa ni kiwiliwili.)

Miwani ya nini? Macho yangu ni ya mwewe. Natunga uzi kwenye sindano bila kulamba ncha. Usianze kunizeesha wewe, ninaye mjomba wako kwa kazi hiyo. Kila akipita na lori lake ananivizia, "Mama, hii ni vidole vingapi?" Siku nikikosa hesabu atanihamishia kwake, nikae kwenye kochi nitazame ukuta, na chumba changu apewe mtu mwingine. Miaka arobaini na moja kwenye chumba hiki. Sihami.

Barua nimeitazama. Kona nimeipapasa, mshono upo imara, nikalala.

Ila hayo ya vioo sikuyapenda. Karani anasema ni mahaba, kwamba angekuwa kijana naye angepaka. Mimi nimeishi na nyekundu kuliko huyo mumeo, tena yangu haikutoka kwenye ndoo. Nyekundu ndiyo uliyotoka nayo tumboni kwa mama yako, nikakufuta mimi. Ni midomo ya mtoto mzima wa afya. Ni kitambaa kwenye lori lililobeba mbao ndefu, kinachomwambia mtu wa nyuma asisogee. Ni kalamu ya mwalimu, ingawa hiyo nimeisikia tu. Haina maana moja, mjukuu wangu. Huuliza kwanza: nani kaniweka, na kaniweka wapi? Kwenye shavu ni uzima. Kwenye sakafu ni habari nyingine. Basi mtu anayekwambia nyekundu ni mapenzi tu, ama hajafua, ama anakuficha nusu.

Na mbona kimya? Zamani barua yako ilikuwa inanichosha masikio. Nilipiga simu ya mumeo kwa simu ya Karani mara mbili. Mara zote umelala. Saa nne asubuhi umelala?

Jibu haraka.

Bibi
(kwa mkono wa Karani)


8 Mei

Bibi,

Shikamoo. Tunashukuru kwa barua. Mume wangu ameketi hapa karibu, tunaandika pamoja, anakusalimia.

Anaomba usipige simu tena, inamsumbua kazini.

Ametia kufuli la pili mlangoni, kwa nje, ili nisisumbuliwe akiwa kazini. Nalo amelipaka. Amepaka na sakafu. Anasema hiyo sasa ni agano, kwamba anayekanyaga nyekundu ameapa. Sitembei sana, kwa hiyo haichubuki.

Nimefurahi kusikia macho yako ni mazima. Basi umeona. Nilikuwa na wasiwasi kwamba huoni, sasa najua unaona vizuri, na umelala usingizi. Labda ndiyo busara ya wakubwa. Sitakusumbua tena kwa kukuuliza.

Mke wa Fundi


21 Mei
(Haitumwi)

Chiriku wangu,

Hii haiendi posta. Nitakupa mkononi, au nitazikwa nayo. Mama Pasi amerudi jana, ndiye anayeandika.

Nilimwambia anisomee barua zako tangu mwanzo, maana ile ya mwisho ilinikaa kama mfupa kooni. "Mke wa Fundi." Mtu uliyemlea anakuandikia kwa jina la kazi ya mtu mwingine. Mama Pasi akazishika, hakusoma. Nikasikia karatasi zinageuzwa. Nikamwambia, "Soma basi." Akasema, "Dada, umeziona kona?"

"Nimezipapasa."

"Nimekuuliza umeziona?"

Nikaipapasa tena kona. Akasema: "Ya Februari ina uzi mweupe. Ya Aprili ina uzi mwekundu. Hii ya Mei ina mishono minne, yote myekundu, imevutwa mpaka karatasi imechanika."

Mjukuu wangu, mimi sioni. Nimesema. Tangu mwaka juzi naona moshi na vivuli, uso wa mtu ni kama unga uliomwagika. Nimemdanganya mjomba wako, nimemdanganya daktari, vidole najua atanyoosha vitatu kwa sababu siku zote hunyoosha vitatu. Na nimekudanganya wewe. Nilipokupa alama ya uzi nilidhani Mama Pasi atakuwapo kila barua ikifika, ataje rangi bila kuulizwa. Rangi ya uzi ningeweza kumwuliza Karani, neno moja tu, "mzee, huo uzi una rangi gani?" Sikumwuliza. Angejua, na kufika jioni mtaa mzima ungejua. Nikasikia maneno matamu, nikauchukua utamu wake nikaupaka kwenye uzi. Kwa ajili ya chumba! Chumba chenye dirisha moja na harufu ya mafuta ya taa!

Ulikuwa unapiga kelele na mimi nikakujibu kwamba nimelala.

Nilianguka chini, Mama Pasi hataki kuliandika hilo lakini aliandike. Akaninyanyua kwa mkono wa kupigia pasi, akasema: "Utalia baadaye. Anaishi wapi?" Hatujui. Tuna sanduku la posta la gereji. Sanduku la posta si nyumba, hugongi. Na polisi wa huku wanasema waende wapi, mji mzima? Nikitaja kwamba najua, naye anasoma kila mstari, atafanya nini na wewe humo ndani, kwenye wekundu wote huo, ambapo hata damu isingeonekana?

Hilo ndilo limeninyima usingizi. Hata damu isingeonekana.

Kwa hiyo nitasema uongo. Miaka thelathini dobini nilifundishwa: la wodi ya mwisho hulivuti kwa nguvu, litachanika. Unalivisha jingine juu, unalibeba kwa upole kama hujui kitu. Karani ataandika, mumeo amezoea mwandiko wake. Nami nitashona kona. Mama Pasi atanitungia sindano.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini njoo unitukane ana kwa ana.

Bibi


22 Mei

Kwa mkwe wetu mtukufu, Fundi Rangi,

Mwanangu, nimesomewa barua zenu, na ninakuandikia wewe kwanza, kwa kuwa ndiye kichwa cha nyumba. (Karani ametaka kuongeza "na mhimili wake." Mwache aongeze.)

Nilikuwa nakudharau kidogo. Nilidhani ni kijana wa ndoo na brashi. Kumbe unazijua nyekundu. Mlango ni mapenzi, vioo ni ulinzi, sakafu ni agano, sawasawa kabisa. Lakini umebakiza ya nne, na huwezi kuipaka wewe, kwa sababu ni ya ukoo wetu na iko kwangu. Ni shuka jekundu. Mwanamke wa kwetu akifunikwa shuka hilo na mkubwa wake, hatamani tena kutoka kwenye mlango wa mumewe. Mimi nilifunikwa. Nilikaa na marehemu mume wangu mpaka kifo, dirishani sikuchungulia.

Kikohozi kimenishika, sijui kama nitamaliza mwaka. Nikifa nalo, basi tena. Mlete nimfunike. Shuka lenyewe limehifadhiwa pale dobi la zamani la hospitali nilipofanya kazi. Ndani wanaingia wanawake tu. Jicho la mwanamume likiliona, shuka linageuka: mke anakuwa mtu wa madirishani maisha yake yote. Wewe utasubiri kwenye benchi la mlangoni.

Nimeshona kona mwenyewe, uzi mwekundu, mishono miwili, kwa heshima yako.

Bibi wa mkeo
(kwa mkono wa Karani)


4 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimefurahi sana, hasa kuona uzi wako mwekundu. Kumbe unaelewa. Watu wengi hawaelewi.

Tutafika Jumamosi tarehe 20, asubuhi. Nitaketi benchi kama ulivyoelekeza. Tutakaa kwa muda wa saa moja tu. Kitambulisho chake na mkoba wake nitavishika mimi asivipoteze, siku hizi amekuwa mtu wa kusahau. Nimemsomea barua yako. Alipoona kona alilia kwa furaha mpaka nikamwambia inatosha.

Jioni hiyo hiyo tutarudi.

Fundi


9 Julai

Fundi,

Sikuamkii.

Ulikaa kwenye benchi saa tatu nzima. Saa ya kwanza ulisoma gazeti, Mama Pasi alikuchungulia. Saa ya pili uliuliza, ukaambiwa shuka linapigwa pasi. Hilo alilitunga mwenyewe na bado anajisifu. Mashine zote zilikuwa zinazunguka tupu ili usisikie lango la nyuma. Saa ya tatu ukapiga teke mlango hadi bawaba zikang'oka, ukanikuta mimi peke yangu juu ya ndoo iliyogeuzwa, na hakuna shuka. Shuka jekundu halijawahi kuwapo. Hospitali gani inafunika watu mashuka mekundu?

Ulinishika bega. Uso wako sikuuona, mimi ni kipofu, sasa nalisema kama mtu anavyosema jina lake. Nilikusikia ukipumua. Nilijikojolea, Fundi. Mwandishi wangu hataki kuliandika hilo, nimemwambia aliandike, aone kwamba mtu anaweza kujikojolea na asiseme kitu. Uliniuliza mara saba, "Yuko wapi?" Wakati huo alikuwa amelala chini ya mashuka makavu kwenye toroli lile lile alilolalia akiwa mtoto wa miaka miwili, magoti kidevuni, amepakiwa kwenye lori la mjomba wake.

Usiende chumbani kwangu. Ufunguo nimerudisha. Nilimwita mwanangu nikamwambia, "Hivyo ni vidole vitatu kwa sababu huwa vitatu, lakini sivioni." Mtu mzima na ndevu zake akalia. Chumba changu sasa anakaa fundi viatu mwenye mbwa, kagonge ukitaka. Mimi niko kwenye kochi, na sitazami ukuta, kuna mtu hapa ananisimulia kila kitu kilichomo ndani na nje ya dirisha bila kupumua, jana nimeomba dakika tano za kimya nikanyimwa.

Muhuri wa posta usikuhangaishe. Mwanangu ni dereva, barua ataitupa kwenye mji atakaoupenda. Kitambulisho kaa nacho, kipya kinatengenezwa. Vioo vyako na kufuli lako vimeelezwa kwa wanaohusika, kwa jina lako kamili na sanduku lako la posta.

Sikudanganyi, nakuogopa. Kiatu kikisimama nje ya mlango, sisi wawili tunaacha kutafuna. Lakini shuka la wodi ya mwisho nililiogopa miaka thelathini, na kila asubuhi nililifua.

Sasa tazama kona ya chini. Huo uzi haujashonwa na mimi. Umeshonwa na huyu anayeandika, na mwandiko wake unaujua, uliusoma miezi mitano, kila mara kabla haujatiwa kwenye bahasha. Ni mwekundu. Wewe husema nyekundu ni mapenzi, ulinzi, agano. Kwetu dobini ina maana moja tu, na mara hii shuka lenye uzi mwekundu ni sisi:

usishike kwa mkono mtupu.

Bibi
(kwa mkono wa Chiriku)